Polisi wa Umeme

Jamani, acheni nitubu, maana hata mimi nikikumbuka nacheka peke yangu. Ofisini kwetu Morogoro nilipewa kazi ya kusimamia kupunguza umeme, nikajifanya polisi. Ukienda kunywa chai ukaacha kompyuta inawaka, utanisikia!

Mwezi ukaisha, matumizi yakapanda. Nikawaka: "Kuna mtu humu anatuhujumu!"

Bosi akamwita fundi, baba mmoja mpole wa Mazimbu. "Mama Flora, lete ufunguo," akaniambia bosi. Tukaenda wote chumba cha seva, ile kompyuta kubwa inayotunza kazi zetu. Feni zilivuma kama mashine ya kusaga, kiyoyozi kinahangaika kuipoza.

"Nani kaifunika?" fundi akauliza. "Imezibwa pumzi, ndiyo maana inakula umeme hivi."

Akatoa kitambaa cha moto kama kimetoka kwenye pasi. Nikainamisha kichwa. Nyumbani redio nimeifunika, televisheni nimeifunika. Seva ningeiachaje ipigwe vumbi?

Bosi akakikunjua, akasoma kwa sauti maneno niliyoyadarizi mwenyewe kwa uzi mwekundu: "Karibuni Wageni. Mama Flora."