Boila ya Akiba

Kwenye kituo cha umeme wa makaa ya mawe walimwita Mama Mvuke. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa ameendesha boila, mitambo ya kuchemshia maji yawe mvuke, na kwa sikio tu alijua maji yamepungua au valvu imekwama. Shirika lilipotangaza kuhamia sola na betri, alijaza fomu ya kozi ya sola siku ya kwanza.

Meneja akamrudishia. "Dada, subiri kidogo. Boila moja tunaiweka akiba, jua likigoma."

"Mpaka lini?"

"Mwaka tu."

Boila nyingine zikakatwakatwa zikauzwa chuma chakavu. Wenzake wakaenda kozi, wakarudi na kofia mpya. Yeye alibaki peke yake, akipaka grisi mtambo uliopoa na kuandika "sifuri" kwenye daftari la presha kila saa.

"Leo kaburi lako limeamkaje?" mumewe alimtania. Mwanzoni alicheka.

Mwaka wa pili akaomba tena. Akaambiwa afundishe kwanza wa kumrithi. Akaletewa injinia mmoja, binti mwerevu, akakaa siku mbili. "Mama, nisikufiche," akasema. "Nikijifunza hii, nitaitumia wapi?"

Kisha mawingu yakatanda siku tano mfululizo. Betri zikaisha. Saa nne asubuhi simu ikalia: "Washa!"

Aliwasha moto, akapanda hadi kwenye valvu kuu, akaikuta imekwama. Hapo mkono ukasita. Angeiacha imekwama, nani angejua? Boila ingeshindwa, wangeitupa, naye angekuwa huru. Akawafikiria waliolazwa hospitali, waliokwama kwenye lifti. Akajilaani, akaizungusha kwa nguvu zake zote.

Alasiri taa zikarudi mji mzima.

Wiki iliyofuata wakubwa walimwita ukumbini. "Kwa sababu ya mama huyu," mkurugenzi akasema, "tumeamua boila ibaki miaka mitano zaidi!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Naye akapiga, maana wote walikuwa wanamtazama.

"Sema unataka zawadi gani," meneja akamnong'oneza.

"Kozi."

"Acha utani, dada."

Akafikiri kidogo. "Basi nitobolee dirisha kule kwenye chumba cha boila."

Walimtobolea. Sasa, kati ya sifuri moja na nyingine, huwatazama wenzake wa zamani wakifuta paneli juani, wakipiga soga. Wakimpungia mkono, naye huwapungia.