Resti na ile miezi saba

Tangu Jumanne naandika hii post nafuta. Akili inakataa kabisa kwamba Resti hayupo.

Kwa wasiomjua, Restituta alikuwa mwenzangu wa reservations kwenye ofisi ya utalii hapa Moshi. Miaka tisa meza zetu zimetazamana. Mgeni akiahirisha safari ya mlimani mimi nanuna, yeye anamjibu kwa upole mpaka anabook tena.

Mume wake hakuwahi kumpiga. Nalisema hilo kwa sababu ndilo nililomjibu siku ya kwanza aliponieleza: "Vumilia, si hakupigi?"

Mume alikuwa anampigia simu mchana kuuliza amekaa na nani. Alimwambia hajui kupika, hajui kuvaa, mama yake hakumfunza kitu. Akikasirika anamnunia wiki nzima, wanapishana sebuleni kwao, mtaa wa Pasua, kama wapangaji wasiojuana.

Nywele za Resti zikaanza kubaki kwenye kitana. Kisha siku zake zikakatika. Mwezi, miwili, saba. Alipima mimba mara nne, hakuna kitu. Mama mkwe akaleta dawa za mizizi. Mume akapata jina jipya la kumwita, sitaliandika hapa.

Nikamsindikiza hospitali. Daktari, mama wa makamo, alisoma vipimo vyote, hakuona uvimbe wala ugonjwa wa kizazi. Akaweka karatasi chini. "Mwanangu, nyumbani unaishi na hofu gani?"

Resti alilia kwanza, ndipo akasema. Daktari akatueleza taratibu kwamba mwili ukikaa na hofu muda mrefu, homoni za msongo hubaki juu, na ubongo hupunguza amri ya kupevusha yai. Si laana. Akampeleka kwa mshauri, akamwonya pia kwamba presha yake iko juu, asiipuuze.

Mwezi uliofuata Resti alifungasha, akapanda kijijini kwao Kilema, akawa anashuka Moshi kila siku kuja kazini. Mama yake hakumuuliza chochote. Alimpakulia mtori wa ndizi, akamtandikia kitanda chake cha usichana.

Mwezi wa tano tangu ahame, katikati ya meeting, akaninong'oneza: "Una pedi?"

Nikamwangalia. Anatabasamu huku machozi yanamtoka. Boss akauliza kuna nini, tukasema hakuna.

Siku hiyo nilimwomba msamaha kwa kumwambia avumilie. Akasema hata yeye alijiambia hivyohivyo, miaka yote.

Miaka mitatu aliishi vizuri. Alichuma kahawa na mama yake, aliimba kwaya, alinenepa na akapendeza. Ila presha haikushuka vizuri, na Jumanne, akiwa likizo, kiharusi kikamkuta shambani. Siwezi kusema ni yale maneno ya mume yaliyomuua. Kwao presha ipo hata kwa wajomba. Najua tu ya kwake ilianza miaka ile.

Dada unayesoma, siku zako zikipotea nenda kapime. Ukiulizwa ya nyumbani, sema.

Jana tumemzika kando ya migomba. Yule mume alikuja, akasimama nyuma, hakuna aliyemfukuza. Mimi nilimwamkia mama yake Resti shikamoo. Akanishika mkono.

"Nimekaa naye miaka mitatu, anacheka," akasema. "Kuna wenzangu walirudishiwa binti zao kwenye jeneza tu."

Nenda, Resti. Umeondoka ukiwa kwenu, kati ya watu waliokuita kwa jina lako. Ulale kwa amani, mwenzangu.