Nilimzomea Binti wa Msafara

Naomba mnisikilize, wenzangu, na mkitaka kucheka, chekeni. Kosa ni langu. Sina wa kumsingizia, ila labda kaka yangu kidogo, na hilo nitalieleza.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora, mkazi wa Chemchem. Kuna riwaya moja niliyoipenda tangu usichana. Inamhusu binti wa Kinyamwezi aliyebeba mzigo na msafara kutoka huku kwetu hadi pwani. Mteja akija kupimwa nguo, namsimulia. Wengine wamehamia kwa fundi asiyeongea.

Basi vijana wa hapa mjini wakaitengenezea filamu. Nguo za wapagazi wakampa Zuhura wa Gongoni azishone, shoga yangu tuliyejifunza cherehani pamoja. Mimi sikuitwa. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuharibikiwa.

Siku ya kuonyeshwa, Jumamosi mchana, nilikaa mbele na kitabu changu mapajani. Kila kitu kilinikera. Binti mwembamba mno. Punda mnene mno. Kaniki za Zuhura nikasema, tena kwa sauti, zinang'aa kama za kwenda harusini.

Mwishoni binti akamkataa kiongozi wa msafara, akageuza njia, akarudi kwao peke yake na jembe jipya begani. Nikasimama.

"Uongo huu. Kitabuni wanaoana. Mmemdhulumu mwandishi."

Mwongozaji, kijana mpole, akanijia. "Shikamoo, mama. Ni ukurasa wa ngapi?"

"Marahaba. Tazama mwenyewe."

Akakichukua kitabu, akafunua kwa nyuma, akafunua tena. "Mama, mbona hiki kinaishia bado wako njiani? Sura ya mwisho haimo."

Mwalimu mmoja mstaafu akatoa nakala yake, akatusomea. Binti alimkataa yule bwana. Jembe lilikuwepo. Hata punda ameandikwa kuwa mnene.

Ukumbi ulicheka mpaka watu wakashikana mabega.

Ukweli ni kwamba kitabu kilinifikia kimechanika. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikalia, kaka akaniambia, "Nyamaza, walioana." Nikaamini. Nilipompigia simu jioni ile, huko kwake Kaliua, akajibu, "Mimi hicho kitabu sijakisoma hata siku moja. Nilitaka unyamaze nilale."

Kicheko ningekimeza. Kilichoniumiza ni Zuhura. Yeye hakucheka. Alijitanda mtandio akatoka. Miezi miwili nikimsalimu ananijibu kama anavyomjibu mteja. Tulikuwa tukiazimana mpaka sindano.

Nikaiazima nakala ya yule mwalimu, nikaisoma sura ya mwisho, kisha nikarudi kuitazama filamu, safari hii bila kitabu. Jamani, zile kaniki! Zilianza mpya, kisha kila kambi zikapauka, zikachanika, zikatiwa viraka. Zuhura alishona nguo ile ile mara nane ili tuione ikichakaa. Mimi nilikuwa nimeitazama ya kwanza tu.

Nikaenda dukani kwake. "Zuhura, nimekukosea. Wivu ulinifumba macho, kazi yako sikuiona."

Hakuinua kichwa. "Na filamu yenyewe?"

Nilitaka kusifia kila kitu, nikashindwa. "Nzuri, kuliko nilivyotaka iwe. Ila wameacha ile sura wapagazi wanapogawana chumvi ya mwisho. Bila hiyo, binti akiwaaga wenzake haiumi kama inavyouma kitabuni."

Cherehani ikanyamaza.

"Niliwaambia hivyo hivyo," akasema. "Hawakunisikia. Vuta kiti ukae."

Kwa hiyo wenzangu, ukipenda kitabu, hakikisha umekimaliza. Ukienda kutazama filamu yake, itazame hiyo iliyo mbele yako, si ile uliyojitungia kichwani. Mimi nilingoja miaka thelathini kumwona yule binti akiolewa. Siku aliyojiamulia kurudi kwao kwa miguu yake mwenyewe, mimi niliyejidai kumpenda kuliko watu wote ndiye pekee niliyemzomea.