Uso wa Mzee Sikuku Kwenye Jiwe

Muchiri alizaliwa mahali paitwapo Kwanza, karibu na Kitale, katika familia ya Wakikuyu waliolima mahindi huko tangu enzi za babu yake, lakini mahindi hayakumpenda. Alichokijua ni burashi. Ukipita Kitale ukaona ng'ombe aliyenona kwenye ukuta wa bucha, kichwa kikubwa kuliko mwili, jua ni wake. Mimi ninayesimulia ni Edinah. Ninashona sare za shule mlango wa pili kutoka kwake pale mtaa wa Matisi, na miaka yote hiyo nimemsikia akiimba vibaya huku akichora vizuri.

Aliyemnyima usingizi ni shemeji yake. Muchiri alioa Nasimiyu, binti wa Tongaren, na kaka yake Nasimiyu, Bramwel, ana kazi ya serikali Bungoma, ana tai, na ana mdomo. Kila sherehe ya ukweni alimtambulisha Muchiri kwa wageni hivi: "Huyu ni shemeji yetu, mtu wa burashi." Watu wanacheka. Muchiri naye anacheka, kisha anarudi Matisi amenuna wiki nzima, na anayepata taabu ni mimi, maana akinuna anagonga vitu.

Ndipo akanunua mashine ya UV. Ni pana kama meza ya kulia. Unalaza juu yake kitu kigumu, kigae, kioo, ubao au jiwe, nayo inapita ikichapa picha kwa wino unaokaushwa papo hapo na taa ya zambarau. Kipya kinyemi, kwa hiyo wiki ya kwanza hakuna kitu kilichopona mle dukani, hata kiti changu. Tausi aliyemchapa kwenye kigae cha bafu alibanduka mzima kwa ukucha wangu, na wala sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa nauliza tu kama amekauka.

Akaenda Bungoma kwa dada mmoja, Chelagat, mwenye mashine kama hiyo, ili amfundishe. Alirudi na somo moja, lakini alilihubiri kuliko mchungaji. Wino huu haunywewi na jiwe, unakaa juu tu. Penye vumbi, jasho au mafuta haushiki. Kwa hiyo unafuta kwa spiriti, unapaka dawa ya kushikisha, halafu unaweka mikono mfukoni. Akachora ukutani, kwa burashi, herufi za kusomeka kutoka Eldoret: USIGUSE KITU KILICHO MEZANI.

Wakati huo familia ya Tongaren ilipanga ibada ya kumkumbuka baba yao, Mzee Sikuku, na kumwekea jiwe kaburini. Muchiri akajitolea. Ataleta jiwe jeusi la graniti lenye uso wa mzee, kwa rangi, mpaka mvi zake. Nilijua anachokitaka. Jiwe likipendeza, lile neno burashi linakufa mbele ya ukoo mzima. Likiharibika, ataitwa hivyo mpaka na yeye awekewe jiwe.

Sasa kuna jambo la mila. Kwa Wabukusu, kabila la kina Nasimiyu, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja. Wenyewe siku hizi wanalegeza. Bramwel hupanda gari moja na mama mkwe wake, wakibishana kuhusu redio. Lakini Muchiri, kwa kuwa mila hii aliiazima, aliitunza kama gauni la kuazima. Mama Bilha, mjane wa Mzee Sikuku, akionekana kwa mbali tu, Muchiri ameshaingia kwenye mahindi ya watu.

Siku ya kuchapa, jiwe lilikuwa mezani, limefutwa, limepakwa dawa, tukingoja stima irudi, maana umeme ulikuwa umekatika. Mama Bilha akatokea mlangoni na Nasimiyu. Alikuwa amekuja kuiombea kazi. Muchiri alitoka kwa mlango wa nyuma kwa haraka hata akaacha kiatu kimoja ndani. Nilimfuata, nikamkuta ameinamisha kichwa kwa heshima mbele ya ukuta.

"Si urudi uone wanafanya nini na jiwe yako?" nikamwambia.

"Edinah, huyo ni mama mkwe, bana. Siwezi."

"Na akigusa?"

"Ati aguse? Anaomba tu. Maombi haina mikono."

Tukasikia wimbo, sala ndefu, Amina kadhaa. Wakaondoka, na stima nayo ikarudi. Muchiri akaikimbilia mashine kabla stima haijabadili nia. Uso wa Mzee Sikuku ukaanza kutokea mstari kwa mstari, kama mtu anayefunuliwa blanketi taratibu. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu ya kumcheka. Nikalia badala yake. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kule Tongaren watu walijaa mpaka kwenye ua wa jirani. Shuka lilipoondolewa, umati uliguna. Bramwel alikosa la kusema, na kwangu mimi hiyo tayari ilikuwa ibada. Lakini hawezi kukaa bila kushika kitu. Akatoa kitambaa, akapangusa vumbi kwenye paji la uso la baba yake. Wino ukabanduka. Ulibanduka kwa mistari miwili iliyokatana, na paji la uso la mzee likabaki na msalaba mweusi, ulionyooka vizuri kabisa.

Muchiri alikuwa nyuma ya watu wote, mbali na mama mkwe, na uso wake ulikuwa wa majivu. Kisha mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Mchungaji akapiga magoti. Bramwel akanyakua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, hii si burashi! Hii si mashine! Hii shemeji hawezi! Hii ni Mungu mwenyewe!"

Nilikasirika. Kazi ikiharibika ni ya Muchiri, ikipendeza ni ya Mungu.

Mama Bilha akasimama. Akalisogelea jiwe, akapitisha kidole gumba kwenye ule msalaba, akakinusa. Akawageukia watu.

"Si muujiza. Ni mafuta yangu. Niliombea hii jiwe kabla haijachapwa, nikaipaka mafuta ya upako na hii kidole, namna hii na namna hii. Kumbe rangi haishiki kwa mafuta. Mkwe wangu alifanya kazi safi, halafu mimi nikaiharibu. Huyo mtu ni fundi."

"Amina!" umati ukajibu.

"Nimesema ni mimi!"

"Amina, Mama!"

Bramwel akaeleza kwenye kipaza sauti kwamba mama yao amekuwa mnyenyekevu tangu ujana wake. Foleni ikaanza, kila mtu akitaka kuugusa msalaba.

Muchiri alikuwa amegeuka, anatazama shamba, mabega yanatikisika. Nikamwendea.

"Umesikia?"

"Nimesikia," akasema, akifuta macho kwa kofia. "Amesema fundi."

Mama Bilha, bila kututazama, akamwita binti yake kwa sauti ya kusikika hadi tulipo. "Nasimiyu! Ambia mkwe wangu achape ingine. Nikikuja, yeye asitoke. Mimi ndio nitakaa nje."