Mgonjwa Mmoja, Simu Tatu

Aibu hii ningeinyamazia mpaka kaburini, ila hasira haijaniachia. Nilitoka Lodwar juu ya lori la samaki wakavu, vumbi mpaka kwenye meno, nikashuka Kitale, fundi wa miavuli asiye na kwao, nikawa nafuata siku za soko, Kachibora, Kitale, kisha Chwele upande wa Bungoma, na Chwele ikanipendeza hata nikapanga chumba na kuanza kusema "kwetu".

Wakati huo kipindupindu kilihofiwa, na afisa mmoja wa afya akaniomba, ati kwa vile natembea sana, niwe macho yake. Nikamuuliza kama nikisikia mtu anaharisha niende kwanza nimwone.

"Usipoteze muda, fundi. Ukisikia, piga simu. Kuhakikisha ni kazi yetu."

Basi Kachibora nikasikia muuza nyanya ameharisha mpaka akabebwa, nikapiga. Kipsongo, mtaa wa Kitale, nikasikia muuza nyanya yuko hoi kwa dadake, nikapiga. Chwele nikasikia muuza nyanya ameletwa kwa bodaboda, hajiwezi. Nikapiga tena (nikijiona daktari, bana).

Siku ya soko la Chwele watu wa afya wakaja na kipaza sauti, wakafunga soko, wakamwaga maharagwe ya kina mama yakiwa bado yanachemka, na afisa akatangaza wagonjwa watatu, sehemu tatu, akizitaja moja moja. Mama Nekesa, muuza nyanya, akasimama, amekonda, leso kiunoni.

"Wagonjwa gani? Wa Kachibora ni mimi! Kipsongo, kwa dada, ni mimi! Na wa hapa pia ni mimi, na asubuhi nimekula ugali!"

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. "Nani aliwaambia?"

Afisa akaninyooshea kidole. "Huyu fundi wenu." Ile "ukisikia, piga" hakuitaja hata kidogo!

"Wee mtu wa kuja, tumekukosea nini?" Nyanya zikaanza kunirukia, nikafungua mwavuli wa mteja nijikinge, kumbe sikuwa nimeutengeneza, ukapinduka ukabaki vijiti. Nikapiga kelele, "Lakini si aliugua kweli? Maji aliyokunywa mmepima?" Gari lao lilikuwa limeshaondoka.

Kesho yake nafunga mzigo, Kukhu, bibi mwenye nyumba, akaja akininong'oneza, "Mjukuu wangu anaharisha. Usiseme, watafunga soko tena." Safari hii niliingia nikamwona mtoto, macho yamezama. Nikapiga.

"Huyu naye anauza nyanya?" Afisa akacheka, akakata simu.

Tukampeleka hospitali wenyewe, tukipitia njia ya nyuma, Kukhu amemfunika uso kwa leso majirani wasijue. Muuguzi alipomtundikia maji na mtoto akalia, nilipanda gari la Eldoret, na Chwele sijarudi.

Nimeapa sitabeba tena habari ya mgonjwa nisiyemwona. Lakini yule bwana aliyetaka haraka, naye ameapa nini?