Mabati ya Marehemu

Baba alifia hospitalini Korogwe wakati wa kuvuna mahindi, mwaka ambao sisi tuliokaa ndani porini tulitakiwa kuhamia kijiji cha ujamaa, barabarani, upande wa Misima. Aliacha mke, ndiye mama yangu, na watoto wawili: mimi, niliyekuwa nimemaliza darasa la saba, na dada yangu wa mke wa kwanza, aliyeolewa Lutindi. Mashamba hayakuwa na ugomvi kwa sababu kijiji kilikuwa kinayagawa upya. Kilichobaki cha kurithi ni mabati ishirini na manne ya nyumba yetu. Baba aliyanunua mojamoja kwa miaka yote aliyokata mkonge.

Lori la kuhamisha watu lilikuja siku chache baada ya arobaini. Mama alikuwa bado yumo eda, lakini lori halikungoja eda. Majirani waling'oa mabati yao wakayapakia. Sisi tulipakia vitanda, kinu na kuku, kisha tukaufunga mlango kwa kufuli. Baba mdogo alikataza mtu asipande juu ya nyumba.

"Mali ya maiti haishikwi kabla haijagawanywa," alisema. "Yule wa Lutindi akisikia, atasema tumemdhulumu."

"Shemeji, masika nitalala wapi?" mama aliuliza kutoka kwenye lori.

"Masika ni mwezi wa tatu, leo tuko wa kumi. Mabati tu haya! Yatachukua miezi mingapi?"

Yalichukua saba.

Kwanza wazee wa ukoo walikaa kikao ili wamteue msimamizi wa mirathi, wakamteua baba mdogo. Muhtasari niliuandika mimi. Naandika polepole, na wino ulikuwa mbaya, kwa hiyo kikao kilikwisha asubuhi lakini kuandika kulikwisha alasiri. Mzee mmoja alinipoza: "Andika tu, mjukuu wangu. Aliyekuwa na haraka ameshatangulia." Baada ya hapo baba mdogo alikwenda Korogwe kutafuta hati ya kifo. Alikwenda mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alisahau barua ya mwenyekiti wa kijiji.

Mahakama ya mwanzo ilipokea maombi yetu mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja. Karani alitupa tangazo lenye muhuri. Alieleza kwamba libandikwe kijijini kwa marehemu, mahali pa wazi, likae siku tisini, ili mwenye dai ajitokeze. Kwetu habari ya msiba hutolewa nyumbani kwenye msiba, si penginepo. Baba mdogo hakuwaza mara mbili. Tulitembea saa mbili kurudi kule tulikohama, tukaligongomea tangazo kwa misumari minne kwenye mlango wa baba. Niliona kwamba njia imekwisha kuota majani, na nyumba za majirani zimebaki kuta. Nilifikiri kusema. Baba mdogo alikuwa anarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama karatasi imenyooka, akaridhika. Nikaokota nyundo, tukarudi.

Siku tisini zilipotimia tulirudi mahakamani. Hakimu alikaa na wazee wawili wa baraza.

"Tangazo lilibandikwa wapi?"

"Mlangoni kwa marehemu, mheshimiwa."

"Kule mlikohama? Nani alipita akalisoma?"

"Mheshimiwa, pale ndipo kwake."

"Sijauliza kwake ni wapi. Nauliza nani alipita."

"Nyani," mzee mmoja wa baraza alisema chinichini, na watu waliokuwa kwenye mabenchi wakacheka. Hakimu hakucheka. Aliamuru tangazo jipya libandikwe kwenye duka la kijiji, na nakala ipelekwe Lutindi. Siku tisini zilianza upya.

Mama alikuwa amekwisha kutoka eda. Aliniuliza siku hizo zitaisha lini. Nikahesabu kwa vidole, nikamwambia mwezi wa tano. Alichukua mundu akaenda kuongeza nyasi juu ya kibanda tulichojijengea kijijini.

Masika yale yalikuwa makubwa. Nyasi zilivuja pande zote. Tulikihamisha kitanda cha mama kila pembe, mwisho tukakiacha katikati na kukifunika kwa ngozi ya ng'ombe, aliyoipata kwa Wamasai kwa kubadilishana na mahindi. Mbegu zilichipua ndani ya kapu. Mwezi wa nne mama alikohoa karibu mwezi mzima.

Mvua zilipopungua, baba mdogo alipewa barua ya usimamizi. Tulikwenda kwenye nyumba ya zamani pamoja na shehe. Dada aliteremka kutoka Lutindi na kamba yake begani. Mabati yalikuwa salama, yamesafishwa na mvua, na chini yake chumba cha mama kilikuwa kikavu kabisa. Tuliyashusha. Shehe aliyagawa pale pale uwanjani: thumuni ya mama, yaani moja ya nane, mabati matatu; yangu, mtoto wa kiume, kumi na manne; ya dada nusu ya yangu, saba.

"Mama mdogo, shikamoo tena," dada alisema. "Usije ukaninunia. Sikuja kwa nyumba, nimekuja kwa haki yangu tu."

"Marahaba. Chukua, mwanangu. Ungekuja kabla ya masika tungepigana hapa hapa, na shehe angetuamua kwa bakora. Sasa nimeshalowa. Utanipokonya nini?"

Dada alicheka mpaka akaketi juu ya mabati yake. Kisha mama alimshikia ncha ya kamba, wakayafunga pamoja.

Yetu kumi na saba yalitosha chumba kimoja na nusu ya cha pili. Nusu iliyobaki tuliiezeka nyasi.