Ukuta Una Ufa

Fundi plasta mmoja alikaa ugenini miaka kumi na saba akijiita mpita njia, hadi wenzake wakampa jina hilo hilo. Lugha ya wenyeji aliokota maneno ya kazi tu: mchanga, saruji, ukuta, ufa. Fundi rangi, aliyelala naye chumba kimoja, alipoanza masomo ya jioni, alimbembeleza sana.

"Twende, kaka. Siku moja utakwama."

"Nikajifunze lugha yao ili iweje, nipose? Mwakani narudi kwa mama watoto."

Mwakani hiyo ilikuwa ya kumi na saba.

Siku moja kifua kilimbana kazini, jasho jembamba likamtoka. Akajikokota peke yake hadi zahanati ya jirani, ovaroli nyeupe kwa plasta. Neno la kifua hakuwa nalo, wala la maumivu. Akajigusa kifuani, akasema kwa lugha ya wenyeji: "Ukuta. Ufa. Mkubwa."

Muuguzi alichanua uso. Zahanati waliomba fundi wa ukuta tangu mwezi uliopita! Akamshika mkono kwa heshima ambayo Mpita Njia hakuwahi kuonyeshwa nchi ile, akampitisha mbele ya mlango wa daktari, akamfikisha stoo penye ukuta uliopasuka juu hadi chini.

Mpita Njia aligeuka kuutazama ule mlango. Akatafuta neno, akalikosa. Akapitisha kiganja kwenye ufa, maana hapo angalau walielewana, kisha akaketi sakafuni taratibu.

Muuguzi akaenda kumtafutia ndoo ya kuchanganyia saruji.